Muulize waziwazi: jinsi ya kumtambua mtu anayefikiria kujiua na kukaa naye

Mimi ni mtu wa boda, steji yetu, yaani kituo chetu cha bodaboda, iko Busia upande wa Uganda, pale karibu na mpaka malori yanapopanga foleni. Kabla hujaendelea kusoma shika hii moja kwanza: kama kuna mtu sasa hivi unahisi anataka kujiua, usimwache peke yake, muulize waziwazi "unafikiria kujiua?", na kaa naye mpaka umfikishe kwa mtu wa afya. Na kama huyo mtu ni wewe mwenyewe unayesoma, shuka chini nilipoandika namba, piga, au mwambie mtu mmoja tu leo hii, hata kwa meseji ya maneno matatu. Haya mengine yanaweza kungoja.

Kila mtu alikuwa na kipande chake

Miaka kadhaa iliyopita tulimzika kijana wa steji yetu. Pikipiki yake ilikuwa ya mkopo, alikuwa amechelewa malipo ya wiki nyingi, na nyumbani mambo yalikuwa hayaendi. Sasa kule matangani usiku watu wanaota moto, maneno yakaanza kutoka moja moja. Mmoja akasema juzi alikuja akanilipa ile elfu kumi niliyokuwa nimeshaisahau. Mwingine akasema mimi alinipa koti lake la mvua akaniambia halimfai tena, na ilikuwa mwezi wa nne, mvua kila siku. Mama anayetuuzia chai akasema wiki nzima chapati alikuwa haimalizi. Dada yake akasema alimpigia simu usiku kumuomba msamaha wa mambo ya utotoni huko ambayo hata yeye dada hayakumbuki. Na mimi nilikuwa na changu, manake aliniambia "mzee, wakija kuichukua hii pikipiki wataikuta hapahapa, mi sitakuwepo", nikadhani anataka kukimbilia Kampala kutafuta maisha.

Ukiviweka pamoja hivyo vipande, vinasema kitu kimoja. Lakini kila mtu alikaa na chake mfukoni. Ndo maana mimi nikifundisha watu siku hizi siwaambii wakariri orodha ya dalili, nawaambia ukiona kitu kimoja kimekukaa vibaya juu ya mtu, muulize mwenzako leo leo, "we umemuonaje fulani siku hizi?" Hiyo sio umbea. Umbea ni kumsema mtu ili mcheke, hii unamsema ili mumfikie.

Na hatuko peke yetu kwenye hili, shirika la afya duniani linahesabu watu zaidi ya 720,000 wanaokufa kwa kujiua kila mwaka, na kwa vijana wa miaka 15 mpaka 29 hicho ni kifo cha tatu kwa wingi duniani. Wanaume wanakufa zaidi ya wanawake, wanawake ndo wanajaribu zaidi.

Vya kuangalia

Baada ya ule msiba tulipata mafunzo ya siku mbili kwenye ukumbi wa kanisa, aliyefundisha alikuwa nesi wa akili, mama mpole lakini hapindishi maneno. Alituambia tusikilize kwanza mdomo. Watu wengi wanaofikiria kujiua huwa wanasema, ila wanasema kwa kuzunguka: "nimechoka na hii maisha", "mtapumzika na shida zangu", "watoto wangu wataangaliwa tu", "ningelala nisiamke". Hapa kwetu mtu hasemi nina huzuni ya ugonjwa, anasema ana mawazo mengi, kichwa kinamzunguka, hapati usingizi. Baganda wana neno lao, okwekyawa, yaani mtu kujichukia mwenyewe mpaka aone heri asiwepo. Ukilisikia hilo neno, au mtu akikuambia hivyo kwa lugha yoyote ile, usimwambie "ah acha hizo", hapo ndo mahali pa kusimama umuulize.

Halafu angalia anavyofanya. Anagawa vitu vyake anavyovipenda, analipa madeni madogomadogo ghafla, anaaga watu bila safari, anajitenga, pombe imezidi, anaendesha kama mtu ambaye haogopi tena kugongwa. Au ameacha kuoga, ameacha kula, hapigi tena stori. Peke yake kila moja inaweza kuwa na sababu nyingine kabisa, mtu anaweza kugawa koti kwa sababu amenunua jipya. Wewe angalia kama zinakuja pamoja, na kama zimekuja juu ya pigo fulani: pikipiki imechukuliwa, pesa ya kikundi cha akiba ameimaliza kwenye beti, mchumba ameondoka, matokeo ya mtihani yametoka vibaya, shamba la urithi ndugu wamelichukua, daktari amempa majibu mazito, au mkimbizi kule kambi ya Nakivale amesubiri karatasi zake miaka na miaka halafu anaambiwa hapana. Na kubwa kuliko zote, kama aliwahi kujaribu zamani, huyo mshike karibu zaidi.

Kuna moja inadanganya watu sana. Mtu amekuwa na huzuni wiki mbili tatu halafu asubuhi moja unamkuta ametulia, anatabasamu, mpaka mnasema Mungu mkubwa amepona. Inaweza kuwa amepona kweli. Inaweza pia kuwa ameshaamua, ndo maana mzigo umemtoka usoni. Usishangilie bila kuuliza.

Kuuliza kwenyewe

Hapa ndo watu wengi wanashindwa, hata mimi nilikuwa naogopa, nadhani nikimtajia kujiua nitakuwa nimempa wazo. Sio kweli. Hili limechunguzwa mara nyingi na jibu linarudi lilelile, kumuuliza mtu hakumpandikizii wazo, wengi wanapumua kwa sababu hatimaye kuna mtu ametaja kile wanachokibeba.

Usimuulize mbele za watu, wala usimkalishe kama hakimu. Sisi wanaume hasa tukikaliwa uso kwa uso tunafunga mdomo, lakini tukiwa bega kwa bega tunafanya kitu, maneno yanatoka. Mwaka mmoja baada ya ule msiba nilianza kuona vipande kwa rafiki yangu mwingine, safari hii niliuliza wenzangu wawili, kila mmoja akawa na chake. Nikamwambia twende tukaoshe pikipiki. Tukaosha, tunasugua rimu, nikamwambia, "kaka, nimeona wiki hizi huli, na ile jezi yako ya Arsenal umempa mtoto wa jirani, nimeogopa. Saa zingine mtu akibanwa hivi anafikiria kujiua. We unafikiria kujiua?"

Alinyamaza muda mrefu, mpaka nikadhani nimemuudhi. Halafu akasema "kila usiku".

Ona nilivyolipanga, sio kwamba mimi ni mjanja, ndo nilivyofundishwa: nilianza na nilichokiona kwa macho, nikasema kwamba nimeogopa, nikamwonyesha kwamba sio yeye peke yake duniani, halafu nikataja neno lenyewe. Usiulize "hufikirii mambo ya kijinga, si ndio?" manake hapo umeshamwambia jibu unalolitaka, na atakupa hilo. Na usiseme "kujidhuru" kama unamaanisha kujiua, watu wanajificha nyuma ya maneno laini.

Akisema hapana na bado moyo wako haujatulia, mwambie "sawa, lakini siku ikibadilika nipigie, hata saa nane usiku", halafu kesho muulize tena.

Akisema ndiyo

Kwanza usiruke. Mwambie "asante kuniambia", basi. Halafu nyamaza usikilize. Ukimya utakuwa mzito sana, uache ukae, ataujaza mwenyewe. Usimhesabie watu wenye shida kuliko yeye, usimwambie jikaze wewe ni mwanaume, usimwambie fikiria watoto wako, manake watoto ameshawafikiria usiku mzima na ameona yeye ndo mzigo wao, ukimtajia tena unamwongezea aibu. Na dhambi usianze nayo. Kama ni mtu wa dini na anataka kuongea na shehe au mchungaji, mpeleke, wengi wao wana moyo mzuri na watamwombea vizuri, ila tafuta yule anayesikiliza, na maombi yaende pamoja na kliniki, sio badala ya kliniki.

Akishamwaga ya moyoni, uliza mambo matatu kwa utulivu: ameshafikiria atafanya vipi, ameshapanga lini, na hicho alichokifikiria anacho karibu? Huhitaji maelezo marefu wala usimchimbe, unataka tu kujua umbali. Kama hana mpango, una siku chache za kupanga msaada. Kama ana mpango na siku na kitu kiko nyumbani, hiyo ni dharura ya leo, hamwachani hata anapokwenda chooni unasimama nje.

Kuondoa vitu vya hatari ni kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Ile saa mbaya kabisa kwa watu wengi huwa haikai sana, inakuja kama wimbi, dakika au masaa, halafu inashuka, na mtu akivushwa salama wengi hawafi kwa kujiua baadaye. Sri Lanka walipiga marufuku dawa za shamba zile kali zaidi na vifo vya kujiua nchi nzima vikashuka sana miaka iliyofuata, shida za watu hazikuisha, ila kitu hakikuwa karibu. Kwa hiyo dawa za shamba na za mifugo zihamishiwe kwa jirani, vidonge akae navyo mtu mwingine ampe vya siku moja moja, na kitu chochote kingine alichokitaja mwenyewe kitoke hapo nyumbani. Mwombe ruhusa, mwambie "niachie nikuwekee mpaka upate nafuu", usimnyang'anye kama mwizi. Pombe nayo ikae mbali wiki hizo, waragi inaondoa breki.

Halafu siri. Atakuambia usimwambie mtu. Usiahidi. Mwambie "sitakutangaza, lakini hili sitalibeba peke yangu, tuchague pamoja wa kumwambia". Mimi na rafiki yangu tulichagua dada yake mkubwa na mwenyekiti wa steji, basi, wengine waliambiwa ana malaria.

Wa kumpigia na pa kwenda

Mental Health Uganda wana laini ya bure ya ushauri, 0800 21 21 21, inapokelewa siku za kazi mchana. Kwa watoto, au kama unahofia mtoto, kuna Sauti 116, bure pia. Hatari ya sasa hivi kabisa, 999 au 112. Lakini tuseme ukweli, usiku wa Jumamosi kijijini mara nyingi cha haraka zaidi ni boda na hospitali iliyo karibu. Nenda hata helth senta IV, yaani kituo cha afya kikubwa chini ya hospitali, uliza kama kuna nesi wa akili au klinikal ofisa wa akili, wasipokuwepo waombe rufaa. Sisi wa Busia tuna Masafu, na ikizidi tunakwenda Mbale hospitali ya rufaa ambako kuna kitengo cha akili. Hospitali za rufaa za mikoa mingine nazo zina vitengo, na Kampala kuna Butabika iliyokuwepo tangu 1955. Jina la Butabika linatisha watu kwa sababu ya utani wa shuleni, mtu anadhani akifika kule hatoki, kumbe wengi wanaonwa wanapewa dawa na miadi wanarudi nyumbani siku hiyohiyo.

Nenda naye mpaka ndani. Hili nalisema kwa uchungu, manake kituo cha kwanza tulichokwenda na rafiki yangu mtu aliyetupokea alimwambia kwa sauti mbele ya foleni "wewe ndo unataka kufa, wenzako wanatafuta uhai". Angekuwa peke yake angetoka mlangoni hapo asirudi tena. Mimi nilikuwepo, nikasema naomba tuongee na mwenye kliniki faraghani, tukapata. Kwa hiyo wewe ndo msemaji, yeye nguvu hana. Sema "nimeleta mgonjwa, ana mawazo ya kujiua, siwezi kumrudisha nyumbani bila kuonwa". Hivyohivyo.

Watu wanaogopa pia polisi, na hofu hiyo ina msingi wake, kwa sababu sheria ya makosa ya jinai ya Uganda tangu enzi za mkoloni imehesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Wenzetu ng'ambo ya geti hapa Kenya, Mahakama Kuu yao ilisema Januari 2025 kwamba kifungu kama hicho kinakwenda kinyume na katiba. Natamani na kwetu kiondoke kabisa, manake mtu anayeogopa kufungwa hasemi, na asiposema anakufa. Lakini hofu hiyo isikuzuie kumpeleka hospitali, hapo unapeleka mgonjwa.

Wale wanaojikata

Kuna vijana, na wasichana wa shule ni wengi ingawa wavulana nao wapo, wanajiumiza mwili bila kutaka kufa. Ukimuuliza anasema ndani kulikuwa kunachemka na akifanya hivyo kunatulia kidogo. Utaona mikono mirefu ya sweta kwenye jua la saa saba, utaona anakwepa kuoga na wenzake. Mama, baba, usimpige, usimwite shetani, wala usimlazimishe aape kwamba hatarudia, ataapa halafu ataficha zaidi. Tibu kidonda kama kidonda kingine chochote, kwa sauti ya kawaida. Baadaye muulize, "ikianza kuchemka, huwa kumetokea nini?" Mara nyingi utakuta kuna mtu anamwonea, au kuna mtu mzima amemgusa vibaya, na hapo 116 ni ya kupiga siku hiyohiyo. Halafu muulize na lile swali la kujiua, kwa sababu hata kama leo hataki kufa, anayejiumiza yuko kwenye hatari zaidi baadaye.

Ukiona stetasi

Saa tano usiku umefungua WhatsApp unakuta mtu ameandika "kwaherini wote, nisameheni". Usiweke alama ya kulia, usiandike "Mungu akutie nguvu" ukalala. Piga simu. Asipopokea piga tena, mtumie sauti aisikie ya mtu, na wakati huohuo mtafute mtu aliye karibu naye kwa miguu: jirani, mwenye nyumba, mwenyekiti wa LC1 (yule wa kijiji), mtu wa steji ya huko. Sisi boda tuko kila kona ya nchi hii na usiku hatulali, tutumieni. Akipokea, usimkate, mwache aongee, muulize yuko wapi na yuko na nani, endelea kumsemesha mpaka mwenzako abishe hodi. Na ikiwa mabaya yametokea kwa yeyote, picha zisipelekwe kwenye magrupu wala habari ya alivyofanya isisimuliwe, kuna mwingine anasikiliza ambaye yuko ukingoni.

Siku zinazofuata

Watu wanakuja wengi siku ya kwanza, siku ya kumi hayupo mtu. Kumbe wiki baada ya kutoka hospitali ndo zina hatari sana. Dawa za huzuni zikiandikwa zinachukua wiki kadhaa kufanya kazi, na saa zingine nguvu za mwili zinarudi kabla moyo haujatulia, kwa hiyo hapo ongeza macho, na asiziache ghafla kwa sababu jirani amemwambia zinalevya.

Nesi alituonyesha karatasi moja ambayo mimi naipenda sana. Mnakaa na mtu mwenyewe, anaandika kwa mkono wake: nikianza kuzidiwa najionaje, nini huwa kinanituliza kidogo, nani naweza kwenda kukaa kwake, nani nampigia, namba za msaada, na nini kimeondolewa nyumbani. Rafiki yangu yake aliikunja akaiweka nyuma ya kava ya simu. Kwenye "kinachonituliza" aliandika kuosha pikipiki na kumsikiliza binti yake akisoma kitabu cha shule kwa sauti.

Na shida yenyewe isiachwe hapo. Kama ni deni, mtu mmoja aende naye kuongea na wenye mkopo, mara nyingi wanakubali kupanga upya kuliko anavyodhani akiwa peke yake usiku. Sisi steji tulichanga malipo ya wiki mbili, haikumaliza deni ila alilala. Vikundi navyo vinasaidia kuliko watu wanavyofikiri, mwaka 2002 huko Masaka na Rakai vijiji 30 viliingia kwenye utafiti, na kwenye vile vilivyochaguliwa watu wenye huzuni nzito walikutana kila wiki kwa wiki 16, wanaongozwa na watu wa hukohuko waliofundishwa wiki mbili tu, na huzuni ikapungua sana kuliko vijiji ambavyo havikupata vikundi. Hakukuwa na vidonge wala jengo la maana, watu walikuwa wanaongea na kutafutiana njia.

Wewe unayemshika naye usibebe peke yako. Mimi baada ya zile wiki nilikuwa siwezi kulala simu ikiwa mbali, ikabidi nimwambie dada yake tugawane, yeye usiku, mimi mchana. Na kama ulishampoteza mtu kama sisi, yule nesi alituambia neno ambalo bado nalitumia: vipande mlivyokuwa navyo vilikuwa vidogo, mlivijua kuwa vipande baada ya kifo.

Siku hizi kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu kabla ya abiria wa kwanza namtumia rafiki yangu meseji, "umeamkaje, umekula?" Mara nyingi anajibu na kidole gumba tu. Siku asipojibu mpaka saa mbili nawasha pikipiki naenda kwake.